Samaki wa kulisha samaki: wasomaji wanauliza, tunajibu

Barua za mwezi huu kutoka Lubumbashi, Kipushi na Likasi zinazunguka jambo moja: ni samaki gani wadogo wa kutia bwawani ili wakubwa wapate cha kula, na ni wadogo gani wa kufuga kwa ajili ya ndoano. Tumechagua sita.

Nina bwawa la ari 5 (mita za mraba 500) lenye kambale 100 wa gramu 200 kila mmoja. Jirani ananiambia nikitia tilapia wadogo, kambale watajilisha wenyewe na sitanunua chakula tena. Niweke samaki gani, na wangapi? (Papa mfugaji, njia ya Kafubu)

Papa, shika kalamu kabla ya ndoo. Ili kambale aongeze kilo 1 ya mwili kwa kula samaki peke yake, lazima ameze kilo 5 za samaki wabichi, na mara nyingi zaidi. Hao 100 wakitoka gramu 200 mpaka gramu 700, wameongeza kilo 50 kwa jumla. Hapo umehitaji kilo 250 za samaki wa kuliwa. Bwawa la tilapia linalolishwa samadi na majani, kwa hewa ya huku kwetu, sisi tunalihesabia kilo 20 hadi 30 kwa ari moja kwa mwaka. Ungechimba ari 8 hadi 12 ili kulisha ari 5. Hakuna mtu anayepata faida hapo.

Kwa hiyo wachukue samaki wa kuliwa kama kitoweo. Bukari ya kambale ibaki pumba za mahindi, machicha ya bia, mchwa, damu ya machinjioni iliyopikwa. Kitoweo kinampa nyama na mafuta ambayo pumba haina, na kinageuza vifaranga wasiouzika kuwa samaki anayeuzika. Tilapia wa gramu 150 mpeleke sokoni, maana kumtupia kambale ni hasara.

Kitoweo hicho kizalishe kando. Ukiwachanganya wazazi wa tilapia na kambale, mavuno ya vifaranga huyaongozi wewe: mwezi huu kambale wanafuta kizazi kizima, mwezi ujao tilapia wamewapita kwa wingi na kwa ukubwa. Chimba ari 2 pembeni, kina sentimita 60 pale maji yanapoingia na mita 1 pale yanapotokea. Likaushe siku 10 hadi 14, mpaka tope lipasuke, ili mayai na vifaranga wa samaki wa porini waishe. Nyunyiza chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa ari. Jaza maji kupitia wavu wa matundu ya milimita 1, kisha tia samadi kavu ya kuku kilo 5 kwa ari (ya ng'ombe, kilo 10), na urudie kila wiki.

Baada ya siku 7 hadi 10 maji yanakuwa kijani. Kipimo ni mkono wako mwenyewe: uzamishe polepole, kiganja kimefunguka. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yanagusa kiwiko, chakula kipo. Kikipotea wakati maji yako kwenye kifundo tu, acha samadi, la sivyo alfajiri oksijeni itakwisha na utakuta samaki wanavuta hewa juu. Ukikiona bado wakati maji yako karibu na bega, ongeza samadi.

Chaguo letu la kwanza la mzazi ni tilapia rendali, yule ambaye watu wa Luapula wanamwita mpende. Anakula majani: kalembula, lengalenga, kabichi za nje zinazotupwa sokoni, majani ya muhogo yaliyonyauka siku moja. Jike hutaga mayai maelfu kwenye kiota chini ya maji, wakati tilapia wanaotamia mdomoni wanatoa mamia tu. Rendali hukaa wawili wawili, dume na jike wakilinda kiota pamoja, hivyo weka idadi sawa: madume 15 na majike 15 kwa ari, wa gramu 80 hadi 150. Kwa macrochir au nilotica, wanaotamia mdomoni, dume 1 anatosha majike 3. Kumtambua jike, mgeuze tumbo juu: nyuma ya tundu la haja ana kinundu chenye matundu mawili. Dume ana kinundu chenye tundu moja, kimechongoka.

Rendali na macrochir wanakaa vizuri bwawa moja. Kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kiliwachunguza wote wawili miaka ya 1950, na sababu ya kuwaunganisha haijabadilika: mmoja anakula majani, mwingine anachuja vijani vya majini na kula uchafu laini wa chini. Hawanyang'anyani sahani.

Kati ya wiki ya 6 na ya 8 utaona makundi ya vifaranga kwenye kingo, asubuhi jua linapoanza kupasha maji. Wakokote kwa chandarua kila baada ya wiki 2, wazazi uwarudishe palepale. Kambale wako wape kilo 1 kwa wiki, nusu Jumatano na nusu Jumamosi. Ari 2 hazitoi zaidi ya hapo bila kuchoka.

Niliweka wazazi wa tilapia mwezi wa Mei. Mpaka Agosti sikuona kifaranga hata kimoja. Nimeuziwa madume matupu? (Mama wa Kipushi)

Hapana, Mama, ni baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, tilapia wanaacha kutaga. Yakikaribia 16, wanaacha hata kula. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na bwawa la kina kifupi linaifuata hewa. Pima alfajiri, sentimita 30 chini ya uso wa maji, si saa nane mchana.

Katika miezi hiyo punguza samadi na chakula, maana kisicholiwa kinaoza na kula oksijeni. Wazazi wapya watie Septemba, maji yakianza kupata joto. Na mwaka ujao, ikifika Aprili acha kuvuna: vifaranga waliobaki ndio akiba ya kitoweo mpaka Septemba, kwa kuwa hakuna wengine watakaozaliwa katikati.

Kambale wangu wamezungukwa na tilapia wengi, lakini hawawali. Wanakonda, na tilapia wenyewe wamedumaa, wana sentimita 8 hadi 10. Tatizo liko wapi? (Msomaji wa Likasi)

Liko mdomoni. Wafugaji wengi wanapima urefu wa mlaji wakasahau upana wa mdomo wake. Mshike kambale mmoja kwa kitambaa kilicholowa, mfungue mdomo taratibu, pima kwa rula kutoka taya la juu hadi la chini. Samaki wa kuliwa, kimo chake kutoka mgongo hadi tumbo kisizidi theluthi mbili za kipimo hicho.

Tuseme umepata sentimita 3. Theluthi mbili ni sentimita 2. Rendali ni mpana: kimo chake kinakaribia nusu ya urefu wake bila mkia. Kwa hiyo rendali wa sentimita 4 anamezeka, wa sentimita 5 anaanza kukwama. Barbusi, wale vijisamaki vyembamba vya mtoni vyenye sharubu fupi, kimo chao ni kama robo au zaidi kidogo ya urefu, hivyo hata wa sentimita 7 anapita kwenye mdomo huo huo. Ongeza na miiba ya mgongoni: tilapia akikamatwa anaisimamisha, na mlaji anamtema.

Hao wako wa sentimita 8 hadi 10 wameshatoka kwenye orodha ya chakula. Tena katika bwawa lililojaa, tilapia hukomaa wakiwa wadogo hivyo hivyo na kuendelea kuzaa, kila kizazi kikipunguza chakula cha kinachofuata. Kuongeza kambale hakutatibu, kwa sababu kambale si mla samaki wa kweli. Akiona pumba, anaacha kukimbiza.

Toa maji yote. Wachambue: wa kuuza au kukausha kando, wazazi wazuri wachache kando, vifaranga chini ya sentimita 4 kwenye ndoo. Bwawa likauke. Ukianza upya, tia tilapia 2 kwa mita ya mraba, na kambale 1 kwa tilapia 10, kambale wakiwa wadogo kiasi cha kutoweza kumeza hao tilapia wa kwanza. Watakua pamoja, na vifaranga watakaozaliwa ndio watakaoliwa. Ukiweza kupata seranokromi hai, yule wa Luapula na Lufira mwenye mdomo mkubwa, weka 3 hadi 5 kwa ari badala ya kambale. Huyo hula samaki kwa asili yake, na anauzika vizuri. Lakini naye hafai kwa bwawa lisilo na vifaranga: baada ya mwezi mmoja mwangalie tumbo, likiwa limeingia ndani na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, ana njaa.

Naweza kununua ndagala hai Tanganyika niwatie bwawani kama chakula cha kudumu? (Msomaji wa Kampemba)

Hutafika nao. Ndagala wanavuliwa usiku kwenye maji ya wazi, magamba yao yanatoka kwa kuguswa na wavu tu, na samaki aliyepoteza magamba hivyo anakufa ndani ya saa chache. Hata wakifika, wao ni wa maji mapana yenye vidudu vidogo vinavyoelea, si wa ari 3 za tope.

Ni kweli walihamishwa zamani. Mwaka 1959 aina mbili za ndagala, Stolothrissa na Limnothrissa, walipelekwa Ziwa Kivu, na Limnothrissa peke yake ndiye aliyeshika: ndiye sambaza wa Bukavu na Goma. Mwaka 1967 na 1968 Limnothrissa huyo huyo akapelekwa Kariba, huko akawa kapenta. Lakini hayo yote ni maziwa makubwa. Wewe nunua ndagala wakavu, yale mavunjikavunjika ya chini ya kiloba, usage, uchanganye na pumba sehemu 1 kwa 4.

Nimesoma kwamba Wamarekani wanatia bwawani samaki wadogo wanaoitwa fathead minnow na bluegill kabla ya kutia bass, yule mla samaki wao. Kwa nini sisi tusiagize hao? (Mwanafunzi wa kilimo, Lubumbashi)

Chukua utaratibu wao, samaki waache huko. Utaratibu ni huu: chakula kinaingia kwanza, kinazaa, ndipo mlaji anafuata miezi kadhaa baadaye akiwa mdogo. Uwiano wao wa kawaida ni bluegill 10 kwa bass 1. Fathead hana miiba, ni laini na mwepesi kukamatwa, ndiyo maana bass wanamla mpaka anakwisha. Wanamtumia kuwapa bass mwanzo mzuri tu. Bluegill ndiye anayebaki na kuzaa miaka yote.

Jambo jingine la kuazima ni kipimo cha Homer Swingle, mtafiti wa mabwawa ya samaki wa Auburn, Alabama, cha mwaka 1950. Alipima uzito wote wa samaki wa kuliwa, akaugawa kwa uzito wote wa walaji, na akaona mabwawa yaliyotulia yako kati ya 3 na 6. Fanya hivyo siku ya kutoa maji: kilo 36 za tilapia kwa kilo 9 za walaji ni 4, uko salama. Ukipata 12, walaji ni wachache mno au midomo yao ni midogo. Ukipata 1 au 2, wanakaribia kufa njaa.

Kuna tofauti moja ambayo vitabu vya huko havitakuonya. Wafugaji wa Alabama wanatia tilapia kila majira ya kuchipua kama chakula cha bass, kisha baridi ya Desemba inawaua wote waliobaki, kwa sababu tilapia hawavumilii maji ya nyuzi 10. Baridi inawavunia. Julai yetu inawazubaisha tu. Septemba wanaamka na kuzaa upya, kwa hiyo huku mvunaji lazima awe wewe na wavu wako.

Kuagiza samaki wa kigeni usijaribu. Bwawa linafurika mvua za Januari, samaki wanaingia kijito, kijito kinaingia mto Kafubu, na hakuna atakayewarudisha. Barbusi na rendali wapo hapa hapa.

Jumamosi huwa tunakwenda Luapula kuvua kwa ndoano samaki wenye meno marefu. Nataka kufuga chambo changu mwenyewe nyumbani. Nifuge nini, na niwafikisheje hai? (Papa wa Katuba)

Huyo mwenye meno, ambaye wavuvi wa Tanganyika wanamwita kibebe, anapenda samaki mwembamba. Anaweza kumeza windo lenye urefu wa hadi asilimia 40 ya urefu wake, lakini tilapia mpana hamvutii sana. Fuga barbusi wa aina ya paludinosus. Hufika sentimita 12 hadi 15, anakula vidudu, vijani na pumba laini, na hutaga kwenye majani ya majini mvua zinapoanza. Ari 1 yenye nyasi za maji kwenye robo ya kingo inatosha. Weka wazazi 100 hadi 150 Oktoba, bila kambale hata mmoja ndani. Chambo cha sentimita 7 hadi 10 ndicho kinachofaa.

Wazazi usiwachukue ovyo mtoni. Barbusi wanashikwa kirahisi na ugonjwa wa vidonda vyekundu unaoletwa na kiumbe kidogo kinachofanana na kuvu, kiitwacho Aphanomyces invadans, ule uliotokea Zambezi kuanzia 2006. Ukiona hata mmoja ana doa jekundu lililochimbika ubavuni, mwaga kundi lote nchi kavu, mbali na maji, na uchukue wengine kwingine. Wazima wakae beseni la pekee wiki 2 kabla ya kuingia bwawani. Siku ya kwanza waogeshe kwenye maji yenye chumvi isiyo na iodini, gramu 10 kwa lita, dakika 10. Akilala ubavu kabla ya dakika hizo, mtoe mara moja.

Safari inaanza jana yake. Wavue Ijumaa asubuhi, waweke kwenye beseni la maji safi kivulini, usiwalishe. Samaki aliyeshiba anachafua maji njiani, na uchafu huo ndio unaowaua, kuliko hata mtikisiko wa barabara. Maji ya bomba yana klorini: yaache wazi siku nzima kwanza. Maji ya foraji yanatoka chini bila oksijeni ya kutosha: yamimine kutoka ndoo hadi ndoo, kwa urefu wa mita 1, mara 10 hivi.

Tumia bidoni ya lita 20 iliyokatwa mdomo, maji lita 12 tu, chumvi gramu 3 kwa lita, samaki 30 hadi 40 wa sentimita 8. Ifunike gunia lililoloweshwa. Kila saa badilisha theluthi ya maji kwa maji uliyobeba, au ikiwa una pampu ndogo ya betri, iache ikitoa mapovu. Dalili ya hatari ni moja: wakipanda wote juu midomo ikifunguka haraka, tayari umechelewa robo saa. Kwa mfuko wa plastiki, maji yawe theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, umefungwa kwa mpira mara mbili.

Ukifika, usiwamwage wote kwenye chombo chenye maji ya mto. Elea bidoni ndani ya maji dakika 15 hadi 20, uongeze maji ya mto kikombe kwa kikombe. Ndoano ipite midomo yote miwili kutoka chini kwenda juu ikiwa unavuta chambo nyuma ya mtumbwi. Ukivua umetulia, ipite chini ya pezi la mgongo, juu ya uti, ili asife upesi. Na weka waya wa sentimita 20 hadi 30 kati ya ndoano na uzi, kwa sababu meno yale yanakata nailoni kwa mara moja.

Chambo waliobaki jioni usiwatupe mtoni na usiwarudishe bwawani: wamekunywa maji mengine na huenda wamebeba ugonjwa. Wakaange, au wape kuku.